Makala ya Jumapili

Manka kaenda kwao Kibosho na kapu tupu,
atarudi usiku na ndizi na maneno ya shangazi.
Chumba kimebaki na mimi, na saa ya ukutani
ambayo tangu Machi inasema saa nne kasoro.
Daftari la uhasibu nimelifunika kwa sahani.
Leo sisomi.

Mwaka wa pili huu napita barabara hii kama mwizi,
kichwa chini, begi mgongoni, kipindi saa mbili,
sijawahi kuuliza jina la mti ule wenye maua ya zambarau
wala la mbwa wa fundi viatu.
Mbwa anaitwa Waziri. Mti, fundi hajui.
"Unamwaga tu," akasema. "Mimi nafagia."

Nashuka Kiusa, nakata kushoto bila sababu.
Maji ya mlimani yanapita mferejini upesi upesi
kana kwamba nayo yamechelewa ibada.
Kwaya inarudia ubeti uleule mara ya tatu,
sauti ya pili wamepotea, mwalimu anagonga meza.
Kijana anaosha pikipiki ya bosi wake
kwa utaratibu wa mtu anayemwogesha mtoto.
"Unamtafuta nani, dada?"
"Sitafuti mtu. Natembea."
Akanipima toka unyayo hadi utosi:
mtembea bure ama ana deni, ama ana mchumba.

Relini
nyasi zimeketi katikati ya mataruma.
Watoto wawili wanayahesabu, wanabishana kwenye themanini,
wanarudi mwanzo.
Nikakaa juu ya jiwe kuwasubiri wafike mia.
Hawakufika. Mbuzi alipita.

Kwetu Goma mawe ni meusi,
tunajenga ukuta kwa kile kilichotufukuza.
Mama huamka usiku, hufungua dirisha,
hutazama mlima una rangi gani,
ndipo hulala.
Hapa tangu asubuhi mlima haupo,
wingu limeufunika gubigubi,
na hakuna aliyekosa usingizi.
Nikamuuliza mwenye genge, "Umejificha tangu lini?"
"Nani?"
"Mlima."
"Ah, huo." Akaendelea kumenya kitunguu. "Upo tu."

Kwake nikaomba makala ya elfu moja.
Akacheka hadi akashika nguzo ya genge.
"Makala, mwanangu, kasome gazetini!
Hapa tunauza mkaa."
Nikacheka nami, kisha nikammwagia
vyote nilivyovimeza tangu nije:
sombe, ninyi mwasema kisamvu;
lengalenga, ninyi mchicha;
na aksanti, ile k yake mliiacha wapi?
Akanyamaza kidogo. Akaongeza vipande viwili
juu ya kopo lililokwisha kujaa.
"Hivi vya kwenu," akasema. "Vya makala."

Nimerudi kwa njia ndefu, mfuko ukinichafua sketi.
Kibanda cha fundi kimefungwa. Waziri amelala,
maua yamemwangukia masikioni, hakuna wa kufagia,
na huko juu, bila kuliaga wingu, Kibo imetoka,
nyeupe, karibu mno,
kama mtu uliyekuwa unamsengenya.
Nilisimama. Mambo ya kwetu yalinijia miguuni:
tazama rangi, kisha kimbia au usikimbie.
Barafu.
Usikimbie.

Sasa jiko limeshika. Taa nimeizima makusudi.
Makala yamekuwa mekundu,
rangi ileile mama anayoitafuta dirishani
huku akiomba asiione,
nami nimeiinamia, nageuza mahindi.

Manka anasukuma mlango kwa kiwiko, kapu limejaa.
"Mbona giza? Umeshindaje?"
Nimeshinda, namwambia.
Sogea, yanaiva.